Waya Unaokata Una Saa Yake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi hapa Mtwara mjini, mbele ya mafundi vijana, makatibu wa vyama vya msingi, wenye steshenari na walimu wa kompyuta. Wenzetu wa Newala, Nachingwea na Liwale ambao hawakuweza kufika wameomba wapate yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Ndugu zangu, naanza na swali, na naomba mikono juu bila kuoneana haya. Nani humu ndani amewahi kununua swichi mpya ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, kwa sababu mtandao wa ofisini unakata, akaifunga, akafurahi siku mbili, na siku ya tatu mtandao ukakata vilevile?

Naona mikono. Ni mingi. Na mafundi pia mmeinua, asanteni kwa kusema kweli.

Sasa jiulizeni, pesa ile ilikuwa ya nani? Kwenye steshenari ni ya mama aliyekopa kikoba. Kwenye chama cha msingi ni ya mkulima aliyepulizia mikorosho yake na kuokota korosho mojamoja akiwa ameinama juani. Ndiyo maana nimekubali kuja kusimama hapa. Sikuja kuzungumzia waya kwa ajili ya waya. Nimekuja kwa sababu tunatumia pesa za watu kubadilisha vifaa vizima, huku kilichoharibika tumekiacha palepale kilipo.

Mtandao uliokufa kabisa ni rahisi, hata mtoto anauona. Mgumu ni huu unaokata na kurudi, unaokata na kurudi. Ukifika fundi, unafanya kazi. Ukigeuza mgongo, unakata. Wengine husema una pepo. Hauna pepo. Waya unaokata una saa yake, na una mahali pake. Ukijua saa, mahali patakuja penyewe.

Niwape kisa cha ghala moja huko Tandahimba.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu umepamba moto. Mnalijua ghala wakati huo: magunia hadi mlangoni, pikipiki, foleni, vumbi, kila mtu anataka kupimiwa aondoke. Ofisi iko getini, mizani iko mwisho kabisa wa ghala. Kompyuta ya mizani imeungwa kwa waya mrefu uliopita juu, chini ya bati, mpaka kwenye swichi ya ofisini. Na kompyuta ile ilikuwa inakata. Ikikata, stakabadhi haitoki. Stakabadhi isipotoka, foleni inasimama, na watu wanaanza kumtazama karani kama mwizi.

Kabla yangu walikuja mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha swichi. Wa pili alibadilisha kadi ya mtandao kwenye kompyuta. Mtandao uliendelea kukata. Nilipofika, karani, dada mmoja mpole, aliniambia, "Fundi, mimi mambo ya kompyuta siyajui, lakini nimekuwa nikiandika." Akatoa daftari la mistari, lile la shule. Ameandika kwa kalamu ya bluu: Jumatatu, imekata saa 6:40 mchana, imerudi 6:42. Imekata saa 7:15. Imekata saa 8 kamili. Saa 10 na nusu, imetulia. Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano ameandika maneno mawili tu: mvua, haikukata.

Ndugu zangu, nililisoma daftari lile nimesimama, na kabla sijafungua mkoba nilijua pa kwenda. Hakuna hata mstari mmoja wa kukata asubuhi. Hakuna hata mmoja wa kukata siku ya mvua. Kitu gani kipo saa saba mchana, hakipo asubuhi, na hakipo siku ya mawingu? Jua!

Nikaomba ngazi. Juu kule, chini ya bati, huwezi kushika mbao kwa mkono mtupu. Waya umelazwa juu ya mtambaapanya, karibu unagusa bati. Sasa sikilizeni, hili wengi hawalijui: kwenye ganda la waya wenyewe, kila mita imeandikwa namba. Huhitaji futi ya kupimia. Nikasoma namba ya mwanzo pale ofisini, 041. Nikaenda upande wa mizani nikasoma ya mwisho, 168. Toa hapo. Mita 127.

Waya wa aina hii, wa shaba wenye jozi nne, kanuni yake ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Tisini za kulala ukutani au darini, na kumi kwa ajili ya vipande vya mezani pande zote mbili. Ukizidisha haufi palepale, na hapo ndipo mtego ulipo. Fundi anafunga mita 127, taa inawaka, anajaribu, inafanya kazi, analipwa, anaondoka. Ishara imefika ndiyo, lakini imefika imechoka, haina akiba. Na shaba ikipata joto ukinzani wake unaongezeka, ishara inazidi kudhoofika njiani. Asubuhi ilikuwa inatosha kwa shida. Saa saba, chini ya bati la Tandahimba, haitoshi. Jua likishuka, inatosha tena.

Katikati ya ghala palikuwa na chumba cha mlinzi chenye umeme. Tukateremsha waya kutoka kwenye bati, tukaukata pale, tukaweka swichi ndogo. Upande mmoja ukawa na mita sitini na kitu, mwingine vivyo hivyo. Basi. Wiki mbili baadaye nilimpigia yule dada. Akaniambia daftari amelirudisha kwa mtoto wake aandikie hesabu.

Nani aliyetibu ghala lile? Ni yule dada, kwa kalamu yake. Kwa hiyo nawaomba, na hili nalisema mara mbili: andikeni saa. Andikeni saa! Kabla hujampigia fundi, kabla hujanunua chochote, andika siku tatu. Imekata saa ngapi, imerudi saa ngapi, na wakati ule nini kingine kilikuwa kinatokea ofisini.

Maana saa zina lugha yake. Inakata kila mara mashine ya fotokopi inapoanza kupata moto? Tazama swichi. Kama taa zake zote zinazimika kwa pamoja na kuwaka upya, shida yako si mtandao, ni umeme. Swichi na fotokopi wamechomekwa kwenye ekstensheni moja, mkubwa akivuta, mdogo anazirai. Mpe swichi UPS yake ndogo, yaani betri ya kumshikilia umeme ukiyumba. Inakata kompyuta ikikaa bila kuguswa? Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, kuna tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Iondoe. Inakata mtu akisogeza kiti? Hapo usifungue hata mipangilio, piga magoti uangalie chini ya meza.

Jambo la pili. Ukishajua saa, uliza: ni nani anayekata? Mmoja, au wote?

Swali hili ni dogo lakini linaokoa siku nzima. Kama kompyuta zote zinakata pamoja, acha kuhangaika na waya wa mtu mmoja, nenda kwenye swichi, umeme, au rauta, kile kifaa kinacholeta intaneti ndani. Kama ni mmoja, acha rauta ipumzike. Hamisha waya wake kwenye tundu jingine la swichi. Ugonjwa umemfuata mtu, au umebaki kwenye tundu? Kisha mpe waya wa jirani yake. Kitu kimoja, halafu ngoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na ikapona, umepona wewe, lakini hujui dawa ni ipi.

Kuna mama mmoja ana steshenari hapa mjini, karibu na stendi. Wanafunzi wanajaa kwake wakati wa maombi ya vyuo na mikopo. Mtandao ukawa unakata. Mama akaamini intaneti ndiyo ndogo, akapandisha kifurushi kwa bei ya juu zaidi. Ikakata. Akaamua kuhamia kampuni nyingine, akalipia ufungaji upya. Ikakata. Nilipokwenda, nilifungua madirisha mawili meusi ya amri kwenye kompyuta yake. La kwanza nikaandika ping, amri ya kukiita kifaa uone kama kinajibu, nafasi, namba ya rauta yake 192.168.1.1, nafasi, na -t mwishoni ili isisimame. La pili vivyo hivyo, ila nikaweka 8.8.8.8, ambayo iko mbali nje huko. Tukakaa tunakunywa chai. Baada ya dakika kama ishirini, madirisha yote mawili yakasimama kwa pamoja.

Mnaelewa maana yake? Kama rauta ingejibu na ya nje ikakaa kimya, tungelaumu kampuni. Lakini hata rauta, iliyo mita nne kutoka pale alipokaa, haikujibu. Ugonjwa ulikuwa chumbani mwake, na mama wa watu amelipa kampuni mbili. Nilishika kichwa cha waya nyuma ya kompyuta, kikatoka mkononi bila kubofya. Ule ulimi wa plastiki ulikuwa umevunjika. Kila mwanafunzi akigusa meza, kichwa kinarudi nyuma kidogo.

Kichwa kipya na dakika tano. Mama yule alikaa kimya, halafu akapiga hesabu kwa sauti ya pesa alizotoa. Sikupenda kuisikia hesabu ile, na sitaki tuisikie tena mji huu.

Sasa tufike kwenye waya wenyewe, na hapa mniruhusu nikae kidogo, maana hapa ndipo kazi yetu inapoharibika.

Ndani ya ganda kuna nyaya nane, jozi nne, na kila jozi imesokotwa kama kamba ya usumba. Kwa nini imesokotwa? Si kwa urembo. Kelele za umeme kutoka kwenye feni, taa au waya wa jirani zikija, zinaipiga miguu yote miwili ya jozi kwa usawa. Kifaa upande wa pili kinasoma tofauti kati ya miguu miwili tu, kwa hiyo kelele iliyoingia sawasawa inajifuta yenyewe. Alexander Graham Bell, wa simu, alipata hataza ya kusokota nyaya mwaka 1881. Ni maarifa ya zamani, na bado ndiyo yanayobeba kazi yetu leo.

Kijana mmoja, fundi mwenye bidii, alifunga maabara ya kompyuta kwenye shule moja ya mkoa wa Lindi. Kazi safi, nyaya zimenyooka, zimefungwa vizuri. Lakini walimu wanalalamika: tukifungua ukurasa mdogo sawa, tukihamisha faili kubwa inakwama, mara inakata. Kijana akaleta tasta, kipimo cha waya chenye taa, mbele yangu. Taa moja mpaka nane, zote zinawaka kwa mpangilio, pande zote mbili. "Kaka, unaona? Waya mzima." Nikamwambia kata kichwa kimoja tukisome. Alikuwa amepanga jozi kwa jozi, zimekaa vizuri machoni: nyeupe-orenji, orenji, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili vivyo hivyo.

Tasta ya taa inauliza swali moja tu: je, namba moja imefika namba moja? Imefika. Haiulizi namba tatu na namba sita wamesokotwa pamoja au la. Na vifaa vyetu vinatumia namba moja na mbili kama jozi, na namba TATU NA SITA kama jozi. Kwa mpangilio wa yule kijana, namba tatu alikuwa amesokotwa na namba nne, na namba sita na namba tano. Kelele haijifuti tena.

Kwa hiyo semeni nami, kama tulivyoimba jedwali la kuzidisha: nyeupe-orenji, orenji, nyeupe-kijani, BLUU, nyeupe-bluu, KIJANI, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani anaachana na nyeupe yake ili bluu wakae katikati. Tena! ... Vizuri.

Na msifumue sana. Kipande kilichofumuliwa kisizidi milimita 13, karibu upana wa ukucha wa dole gumba. Nimekata vichwa ambavyo nyaya zimefumuliwa urefu wa kidole kizima, na ganda limebaki nje, uzito wote unaning'inia kwenye nyaya nyembamba. Ganda lazima liingie ndani ya kichwa, libanwe na ile kabari ya plastiki. Kichwa ambacho ganda limebaki nje kinafanya kazi siku ya kufunga. Kitakuja kukata mwezi wa nne, ukiwa umeshasahau.

Kitu kingine, kinaniuma. Nyaya za bei ya chee zinazoandikwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Mnunuzi hajui, na wakati mwingine muuzaji naye hajui. Chukua kisu, kwangua waya mmoja. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa weupe, ni alumini. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, inavunjika ukiikunja mara chache, na kanuni za nyaya hizi haziikubali. Na sisi tunaishi wapi? Shangani, Mikindani, Lindi mjini, upepo wa chumvi unaingia dirishani mchana na usiku. Alumini na shaba zikigusana kwenye chumvi na unyevu, alumini inaliwa. Nimewahi kukata kichwa cha waya wa miaka miwili katika nyumba iliyo hatua chache kutoka pwani, ndani kuna unga mweupe kama chokaa. Hata shaba safi, meno ya kichwa yakiwa ya bei ya chini, huota kijani. Usikwangue kijani ukarudisha kichwa kilekile. Kata, weka kipya.

Dalili moja ya haraka kabla sijaendelea: kompyuta iliyokuwa ikionyesha kasi ya gigabiti moja ikishuka ghafla kuwa megabiti 100, shuku waya. Kasi ya 100 inatosheka na jozi mbili, gigabiti inataka zote nne. Mguu mmoja wa jozi ya bluu au kahawia umekatika mahali.

Mipangilio nitaipita haraka, maana ni mara chache kuliko mnavyodhani. Kasi iacheni ijichagulie yenyewe pande zote mbili. Ukilazimisha upande mmoja na mwingine ukauacha ujichagulie, mmoja atasema huku akisikiliza, mwingine atasubiri zamu, na watagongana kutwa. Printa yenye anwani ya kudumu, yaani namba yake ya mtandao isiyobadilika, mpe namba iliyo nje ya zile ambazo rauta inagawa. Na ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, jua imeomba anwani na hakuna aliyeijibu. Ukiona badala yake imepewa anwani ya ukoo usioujua, tafuta nani ameleta rauta ya nyumbani akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Sasa mko na wagawaji wawili wa anwani katika nyumba moja.

Lakini kuna kisa kimoja siwezi kukipita haraka. Ofisi moja, sitaitaja, asubuhi mtandao wote ulilala. Kompyuta zote, printa zote. Taa za swichi zinapepesa kwa kasi moja kama zina homa. Walitafuta, wakakuta waya mmoja umechomekwa kichwa hiki kwenye swichi na kichwa cha pili kwenye swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka humo na kujizidisha hadi nafasi yote inajaa. Nani alichomeka? Dada wa usafi. Aliukuta waya sakafuni wakati anapiga deki, akaona tundu liko wazi, akaurudisha asije mtu akajikwaa. Na nilipofika walikuwa wanamwandikia barua ya kumwachisha kazi.

Nilisema pale, na nasema hapa: kosa halikuwa lake. Kosa ni la fundi aliyeacha waya hauna jina, kabati halina mlango, na swichi yenye uwezo wa kujikinga na mzunguko ambao hakuna aliyeuwasha. Kinga ile ipo. Msingi wake uliwekwa na mwanamama, Radia Perlman, mwaka 1985, na swichi nyingi za kusimamiwa, zile unazoweza kuingia ukazipanga, zinayo. Barua haikutoka. Dada yule bado yupo kazini, na sasa ndiye anayenipigia simu akiona waya umelegea.

Kwa hiyo kila waya uwe na jina pande zote mbili. Karatasi na selotepu vinatosha.

Na mvua zinakaribia. Wenye waya wa shaba unaotoka jengo hadi jengo, hasa unaoning'inia hewani, radi haihitaji kuugonga ndipo iunguze. Ikipiga karibu inatosha kuua tundu la swichi, au kuliacha nusu hai, likate na kurudi. Kati ya jengo na jengo wekeni faiba. Ni kioo, haipitishi umeme. Kama fedha hazijapatikana, basi wingu likitanda, chomoeni pande zote mbili.

Nimesema vya kutosha, sasa mikono ifanye kazi. Mezani pale kila mtu ana waya wa mita moja, vichwa viwili, na krimpa, koleo la kubania vichwa, tutapokezana. Makatibu na akina mama wa steshenari, na nyinyi njooni, viti vya mbele ni vyenu. Kwanza tusome namba kwenye ganda, halafu tukwangue kwa kisu tuone rangi. Haya, nyeupe-orenji kwanza.